Mtani Aliyelia Kaburini

Kondo, mtani wangu,

Nakuandikia kwa kalamu ya risasi tuliyoikata katikati kule kisomoni, mwaka ule watu wazima wote wa kijiji tulipopelekwa kujifunza kusoma. Hii ni nusu yako. Nimeikuta mfukoni mwa koti lako, na kabla hujanisingizia wizi, ngoja nieleze koti nimelipataje. Mwandiko wangu usiucheke. Herufi zako zilikuwa zinalala chali kama mlevi, na mwalimu mwenyewe alisema afadhali ya Mnyamwezi, yaani mimi.

Kwanza nikiri. Siku ya kukuzika nilikutia aibu.

Hakuna Mzaramo asiyejua kazi ya mtani msibani. Wenye msiba walie, mimi niwachekeshe. Nilitakiwa nije na jembe bovu, niseme kaburi lichimbwe jembamba maana marehemu alikuwa mchoyo. Nilitakiwa nikohoe kikohozi chako, nitembee kwa mguu wako ule mbovu, nishuke shimoni nijilaze, nigome kutoka mpaka nipewe jogoo. Wewe ulinifanyia hivyo hivyo alipokufa mama yangu mkubwa aliyenifuata huku kutoka Tabora. Ulijifunga kanga yake ukawa unawagombeza watu kwa sauti yake, na mimi niliyekuwa sijala siku mbili nikacheka mpaka nikaomba maji.

Basi nikashuka. Nikajilaza chali, nikasema, "Hapa ni pangu, Mzaramo atafute pengine." Nikawasikia watu wanaanza kuguna kwa kicheko. Halafu nikageuza uso, nikaona ukuta wa kaburi una michirizi myeupe. Ule udongo wako wa pangoni ulikokuwa ukipeleka wageni, Kondo. Ule uliokuwa ukirudi nao kwenye suruali kila Jumapili, mkeo Bi Tatu akikugombeza. Nikaugusa, nikakumbuka sina wa kutaniana naye tena, nikalia. Sikulia kiume. Nililia kwa sauti mpaka wakashuka wanaume wawili kunitoa, na wenye msiba wakaanza kunibembeleza mimi.

Shangazi yako wa Msimbu alisimama pale na mkongojo wake akasema, "Mtani gani huyu? Katuongezea msiba."

Ulinionya, nakumbuka. Jioni ile kabla hawajakupeleka hospitali, kifua kinakubana, ulinishika mkono ukasema, "Siku yangu ikifika, Mnyamwezi, usinitie aibu." Nikakujibu kwamba wewe hufi, hata kuzimu hawataki domo lako. Ulicheka ukakohoa. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyokuambia na sijui kama nayajutia au nayashukuru.

Baada ya mazishi nyumba yako ilinyamaza. Mwanaidi, binti yako, alikuja kibandani kwangu kila asubuhi kuchukua chai ya mama yake, na kila asubuhi niliuliza Bi Tatu anaendeleaje. Jibu likawa lilelile: kala matonge mawili, kageukia ukutani. Amekaa eda, hatoki nje, na ndani hasemi na mtu. Wazee wakawa wananong'ona kwamba nyumba ambayo mtani wake amelia, msiba hautoki. Sijui kama ni kweli. Ila mimi niliamini, maana yule mama ndiye aliyenipa sahani ya kwanza nilipofika nchi hii yenu.

Unakumbuka? Nilishuka stesheni ya Pugu na sanduku la bati kichwani, uhuru haujatimiza hata mwaka. Ulikuwa umekaa kwenye gogo unatafuna muwa. Hukuniuliza jina. Ulisema, "Mpagazi, hawajakwambia kwamba misafara imekwisha?" Nami nikakujibu kwamba nimetumwa kuwaamsha Wazaramo, nchi imejitawala wao bado wamelala wamechoka na ngoma. Ukainuka, ukanitua lile sanduku, ukalibeba mwenyewe mpaka Kisarawe, mguu huo mbovu unachechemea, unatukana njia nzima. Bi Tatu akatupa muhogo wa nazi. Nilikuja kwa siku mbili.

Nilianzisha kibanda cha chai pale njia ya kupanda milimani inapoanzia kwa sababu yako. Ulisema wageni wakishuka watakuwa na kiu. Wakaja kweli: wanafunzi wamejaa kwenye lori, walimu kutoka Kibaha, watu wa Dar na familia zao, wazungu wataalamu wenye kofia pana. Uliwapandisha kwanza kileleni wakaone mji na bahari kwa mbali, na kila mmoja ulimwonyesha nyumba yake hata kama anakaa Morogoro. Halafu ukawapitisha msituni, ukawafikisha kwenye mapango ya udongo mweupe.

Pale mlangoni ndipo ulipokuwa mfalme. Ulimvua kila mtu kofia. Ukapiga hodi mara tatu, ukatega sikio kwenye giza. Popo wakichezacheza ndani, ukawageukia wageni na kuwaambia kwa heshima zote, "Mwenyewe hajakataa. Karibuni." Ukiwa ndani ukawaambia pango hili linatokea Bagamoyo, kwamba wewe uliingia hapa hujaota ndevu ukatoka huko nazo. Na kwamba babu yangu, mimi Maganga, alipotelea humu na pembe ya ndovu begani, hajatoka mpaka leo, ndiyo maana mjukuu wake anauza chai pale chini, anamsubiri.

Wageni walishuka wakaja kunitazama. Wengine walinipa pole. Nikawaambia kwamba babu hakupotea, alikuwa anasubiri Wazaramo wamalize kuchimba njia, na Mzaramo akichimba siku moja anacheza ngoma wiki. Wakacheka, wakakaa, wakanywa chai kikombe cha pili. Miaka yote hiyo nilidhani unanitukana tu. Nimekuja kuelewa juzi kwamba ulikuwa unaniletea wateja. Mbona hukusema? Ningekushukuru ukiwa hai, ingawa najua ungenitukana.

Sasa mambo yamebadilika. Jumapili magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani ikishafika saa nane mchana, petroli hakuna. Wageni wachache wanaokuja wanatazama saa kuliko wanavyotazama bahari. Sukari tunapanga foleni, ikipatikana. Nimezidisha tangawizi kwenye chai ili ukali wake uwasahaulishe, na mpaka sasa hakuna aliyelalamika, au wananihurumia.

Mwanaidi ndiye anayewapandisha. Anaijua njia, na anaeleza vizuri kuliko wewe: udongo huu unatengenezea vikombe na sahani, msitu huu ni wa zamani, mti huu dawa yake hii. Kila kitu kweli tupu. Wageni wanasema ahsante, wanarudi garini. Nilimuuliza Bagamoyo umeiacha wapi. Akainama. "Baba mdogo," akasema, "uongo wa baba ukifika mdomoni unanikwama."

Siku nne kabla ya arobaini yako aliniletea furushi. Ndani mlikuwa na koti lako la kaki, kofia yako na fimbo. Nikauliza mama kasemaje. Kumbe Bi Tatu, baada ya siku zote za kunyamaza, alikuwa amesema jambo moja tu: "Mwambie mtani, mlango haujafungwa."

Kondo, nilielewa kwamba ananidai utani wangu siku ya arobaini, nikaogopa. Nililala na lile koti chini ya mto siku zote nne. Kila nikilivaa kujaribu, harufu yako ya tumbaku inanipanda puani, nalivua. Nikajiambia nikilia mara ya pili, nihame Kisarawe, nirudi Tabora uzee huu.

Siku ikafika. Kisomo kikasomwa, dua ikaombwa. Ubwabwa ulipatikana, usiulize majirani waliuchangaje. Watu walipokuwa wananawa nikaenda nyuma ya banda la kuku, nikavaa koti, nikavuta kofia kama wewe, imegusa nyusi. Nikatokea nachechemea. Nikakohoa kile kikohozi.

Shangazi yako alishika mkongojo kwa mikono miwili.

Nikasema kwa sauti yako, "Wageni, jipangeni. Mnyamwezi akae nyuma, asije akafikiri ni safari ya kubeba." Mtu mmoja akaguna. Nikawatembeza uwanjani kwako, mtani wangu, watu wazima na kanzu zao, kama wageni wa Jumapili. Niliwapandisha kwenye kinu nikawaonyesha bahari. Banda la kuku nikasema ni ikulu ya Mzaramo. Mtungi wa maji nikasema una kina, niliingia humo sijaota ndevu hata za jogoo. Tulipofika kwenye shimo la choo nikawaambia hili, ndugu zangu, linatokea Bagamoyo. Hapo shangazi yako wa Msimbu akacheka mpaka akakaa chini mchangani, na baada yake wote.

Ilikuwa imebaki sehemu moja. Nikawaongoza mpaka barazani, mbele ya mlango wa chumba cha Bi Tatu, pazia limeshushwa. Nikavua kofia, wote wakavua. Nikapiga hodi. Nikapiga ya pili, sauti inaanza kunipotea, naiona picha yako pale pangoni umetega sikio. Ya tatu ilitoka ndogo sana.

Hakuna kilichosikika. Nikawageukia watu, nikasema ulivyokuwa ukisema, "Mwenyewe hajakataa."

Na pazia likajibu. "Amekataa," akasema Bi Tatu. "Kwanza Mzaramo afute miguu. Kila Jumapili ananijazia udongo ndani."

Kondo, alicheka. Nilimsikia. Kicheko chake kile cha kuanzia chini, kimekaa siku arobaini bila kutumika. Kikaendelea, kisha kikageuka kilio, wanawake wakaingia kwake, na nikasikia mmoja anasema mleteeni chakula. Mimi nikaketi barazani na koti lako, nikalia pia. Safari hii hakuna aliyenilaumu. Shangazi yako alinipa jogoo na kuniambia nimechelewa.

Jumapili iliyofuata nilifunga kibanda nikapanda na Mwanaidi. Kulikuwa na mwalimu mmoja na wanafunzi wake. Mlangoni Mwanaidi alipiga hodi mara tatu, akanitazama, akameza mate, akawaambia kwamba baba yake aliingia humu hana ndevu. Haukumkwama. Halafu bila kufundishwa na mtu akawaambia kwamba huyu mzee wa chai ni mjukuu wa mpagazi aliyepotea, msimpe pole, mpeni kazi. Amekurithi hata ufedhuli.

Naenda kulala, mtani. Koti lako sirudishi. Nakuahidi mambo mawili: hodi pale mlangoni zitaendelea kuwa tatu, na nyumba yako haitakosa mtu wa kuitania maadamu napumua. Siku yangu nayo nimemwachia Mwanaidi. Nimemwambia asilie mpaka nimefukiwa, akaniambia hana mpango huo, atakuwa anamtafuta jogoo wake.

Nikifika huko nitapiga hodi. Usiponijibu, nitajua hujakataa.

Mimi mpagazi wako,
Maganga