Bonifasi Alisimama Kupigiwa Makofi

Kidodi, Jumanne, 1997

Na mimi, balozi wa nyumba kumi, nilikuwa nimeshaamua kutomtaja Bonifasi mkutanoni. Kumbe atajitaja mwenyewe.

Tangu aje hapa kutoka Burundi, kila kiongozi aliyetutembelea alimtafuta. "Mkimbizi wetu asimame!" Anasimama, anafunga vifungo vya koti, tunapiga makofi, kisha tunahutubiwa kuhusu undugu wa Kiafrika mpaka jua linazama. Mimi nilishuka kutoka milimani Vidunda nikamkuta yupo, na sijawahi kupigiwa hata kofi moja.

Leo amekuja kijana wa wilayani. Akaamkia wazee haraka haraka, akauliza, "Wakimbizi wapo? Wasimame."

Bonifasi akasimama. Akafunga vifungo, akatabasamu, akawa anangoja.

Hakuna aliyepiga.

"Mzee, kwani hapa ni kambi?" kijana akamuuliza. "Sera imebadilika. Siku hizi mkimbizi anakaa kambini. Alhamisi gari linakuja kukuchukua."

"Na mama watoto?" Bonifasi akauliza. Mkewe ni mwenyeji wa Masanze, wilaya hii hii.

"Huyo raia. Anabaki."

Nikajikaza: "Mheshimiwa, huyu sisi tumeshamhesabu mwenyeji." Akaniangalia kama vile mbuzi amekohoa, akaendelea na habari za choo cha shule.

Jioni Bonifasi kapita hapa, koti bado mwilini. Nilidhani atanilaumu. Nilikuwa hata na majibu.

Kauliza tu, "Balozi, kwani leo nimekosea wapi?"

Nikamwambia hajakosea. Alisimama tu, kama tulivyomzoesha.