Spika Nilizozikataa

Levolosi, Arusha
Jumapili, baada ya ibada

Mama Elia, mke wangu,

Nakusalimu kwanza, tucheke kidogo, ndipo nikueleze la kuliza. Goti lako limeacha kutabiri mvua? Na yule beberu aliyetafuna kilemba cha mama yako, bado yupo, au mmeshamla bila kuniita? Mimi ni mzima, isipokuwa kipande kimoja, na ndicho kilichonikalisha kuandika.

Unajua tangu biashara iachwe huru maduka ya huku yamejaa vitu vya Dubai. Baba Nora, yule Mchaga mwenye duka ninakofanya kazi, ameleta spika ndogo za bei nafuu, zile za kukaa mbili mbili juu ya rafu. Kila boksi lina karatasi yenye mstari wa vipimo: kushoto besi, kulia sauti nyembamba. Kazi yangu, mimi wa darasa la nne, ni kuwasomea watu vipimo hivyo. Wananiita Profesa, nami siwakatazi.

Jumatatu alikuja jamaa na mita yake ya umeme, amevimba. "Boksi linasema ohm nane, mita inasema sita. Mmeniibia mbili!" Nikamwambia, "Kaka, mita imeupima waya wa ndani ya spika ukiwa umelala. Hiyo nane ni ukiwa unaimba. Wewe ukilala unapumua kama unapanda Meru?" Akanywea. Mwingine akasifu mstari wa kwenye karatasi ulivyonyooka. Nikamwonyesha namba za pembeni, ngazi zake zimeachana mno. Hata Mlima Meru ukiuchora kwa ngazi kubwa kubwa utaonekana tuta la viazi.

Basi kiburi kikanipanda. Jumatano nikaweka kaseti ya kupimia, ile yenye mlio mmoja unaoanza chini kama ng'ombe na kupanda mpaka kuwa sindano. Karatasi inasema spika zinaimba hadi mwisho. Mimi nikasikia mlio unakatika njiani. Nikaweka jozi nyingine, ukakatika palepale. Jozi tisa! Zote nikazipiga chaki: mbovu. Baba Nora akashika kichwa, akaanza kuzifunga azirudishe kwa aliyemuuzia, huku akimtukana Kichaga.

Hapo akaingia mama mmoja wa Momela anayetuletea maziwa. Akatua ndoo, akaziba masikio.

"We babu, zima hiyo kitu! Inanitoboa!"

"Nizime nini, mama? Imeshanyamaza."

"Imenyamaza wapi? Inalia kama mbu!"

Duka zima likanigeukia. Baba Nora akanigeuza uso ukutani kama mtoto mtundu, akairudisha kaseti mwanzo. "Inua mkono ukisikia, shusha ikinyamaza." Nikainua. Nikashusha. Nilipogeuka, mama wa maziwa alikuwa bado ameziba masikio.

Baba Nora akaipindua ile karatasi, akanichorea mstari wangu: umenyooka vizuri, kisha unaporomoka korongoni. "Spika ni nzima, Profesa," akasema taratibu. "Zilizokufa ni za kichwani kwako." Nikamtania, "Basi nirudishe Dubai." Hakucheka. Tangu Alhamisi anayepima ni Nora, binti yake. Mimi nafagia na kufunga maboksi. Nimeruhusiwa kukaa mpaka mwisho wa mwezi, kwa heshima ya mvi.

Ila kazi siyo inayoniuma. Unakumbuka ile kaseti ya kwaya uliyonitumia? Barua iliyopita nilikudhihaki: mbona kayamba lako, lenye mchakacho mwembamba, halisikiki, mkono umezeeka, au mchungaji amekupokonya akampa msichana? Hukunijibu. Jana nilimpa Nora aisikilize. Nikamuuliza, humo kuna kayamba? Akasema, "Babu, si ndilo linaloongoza wote? Halijapumzika hata mara moja."

Leo nimeipiga mara tatu. Naona mkanda unazunguka, nasikia ngoma, nasikia kaka yako anavyokoroma kwenye besi. Pale penye mkono wako ni patupu.

Nisamehe, Mama Elia. Narudi.

Nisalimie kaka yako, mwambie sauti yake mbaya ndiyo iliyobaki. Mama yako mpe pole ya kilemba. Mwanetu Elia mwambie redio yake nitamtengenezea, ila asiniulize inasikikaje.

Nikifika, usinipokee kwa kuniita kutoka nyuma. Kaa mbele yangu kwenye mwanga, ulipige kayamba, niutazame mkono.

Mumeo, profesa aliyevuliwa joho,
Baba Elia