Kaki ya Kingi

Mji wa Kale, Mombasa
14 Novemba 1944

Kwa kaka yangu mpendwa Ngumbao,

Nakusalimu wewe, shemeji Mejumaa, mama yetu na wote waliomo uani. Hali zenu? Goti la mama limepoa, au bado anamlaumu yule mbuzi? Mimi ni mzima, ila macho yananiuma kwa kutunga uzi tangu asubuhi. Bwana Sattar, tajiri wangu hapa dukani, anasema iko siku nitajishona kidole kwenye mfuko wa mtu.

Najua desturi yako ya kusomewa: aletaye barua ndiye asomaye, nawe umekaa kwenye kigoda umevua viatu, na msomaji haruhusiwi kuruka hata neno moja. Leo, kaka, nakuomba uishike desturi hiyo kuliko siku zote.

Barua yako uliyoandikiwa na mwalimu niliipata, na imenisikitisha. Unasema tangu ubaki peke yako kituoni watu hawaji tena. Aliyeibiwa ng'ombe anakwenda zake kimya, na ukitokea njiani kila mtu anakumbuka ana shughuli kwingine. Kile kitabu cha matukio unampelekea mwalimu akuandikie, naye ameanza kuchoka. Tena Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, amekuuliza imekuwaje eneo lote halina wezi na huku ng'ombe wanapungua. Hapo nilicheka, nisamehe. Kisha nikaikunja barua na sikucheka tena siku ile.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Mlikuwa askari wa chifu wawili, wewe na Kingi, makoti yenu viraka vitupu. Akaja huyu Bwana Shauri mpya, akasema serikali haina kitu, kaki yote inakwenda vitani, lakini askari aliyevaa matambara anayekula kuku wa watu ni hasara kuliko kukosa askari kabisa. Akaamua kila kituo kibaki na mtu mmoja, avikwe sawasawa, na awe ni yule ambaye watu wanamletea mambo yao kwa hiari. Akazunguka kuuliza, hata wanawake kisimani aliwauliza. Karani wake akawapima nyote kwa futi, jina la aliyechaguliwa likaletwa Mombasa pamoja na vipimo vyake, na kwenu halikutangazwa mpaka siku ya gwaride.

Siku hiyo aliitwa Kingi. Ulinieleza mwenyewe alivyovaa ile sare mbele ya wazee: koti likamwishia kitovuni na pembeni likampwaya, mikono ikakomea karibu na viwiko, na watu, wakiwemo waliomtaja kwa wema, wakaangua kicheko. Mzee mmoja akasema kaki imemkataa. Bwana Shauri hakuwa na kitambaa kingine, na mkubwa wake alikuwa njiani kuja kukagua, basi akakuambia ujaribu wewe. Ikakukaa kama ngozi. Ulibaki kazini, Kingi akaambiwa aende nyumbani, nawe ukaniandikia kwa furaha kwamba hata nguo inamjua mwenyewe.

Miezi minne iliyopita nilimkuta Kingi hapa sokoni Marikiti, amebeba gunia la vitunguu. Mimi nilitaka kupita upande wa pili. Yeye akalitua gunia, akaniita, akaniuliza hali ya goti la mama. Tangu hapo kila Ijumaa duka likifungwa tunakula pamoja. Hajakutaja kwa ubaya hata mara moja. Anasema ana hamu na kazi ile, na hunisimulia alivyokuwa akifunika nyayo za wezi kwa vifuu vya nazi ili upepo usizifute, mpaka watu wa vijiji viwili waje wazitazame pamoja na kukubaliana zimeelekea wapi. Hakuna aliyechapwa. Usiku uleule, au kesho yake, mwizi mwenyewe kwa aibu alimrudisha ng'ombe. Ijumaa moja aliniuliza, mimi niliye fundi, futi inawezaje kumkosea mtu kiasi kile, na yeye alisimama wima kama mnazi. Kabla sijajibu akasema karani naye ni binadamu, hukosea. Chakula kilinishinda.

Kaka, karani hakukosea. Orodha ile ililetwa dukani kwetu, na Bwana Sattar akanipa mimi kaki niikate. Nikaona jina la kituo chenu, na mbele yake jina la Kingi na vipimo vyake vyote. Lako halikuwapo. Nikamfikiria Mejumaa, alikuwa na mimba ya miezi saba. Nikamfikiria mama. Nikaigeuza orodha kifudifudi, nikakata kwa mwili wako, ambao naujua bila futi kwa kuwa kanzu yako ya harusi niliishona mimi. Sikumwambia mtu. Nilidhani atarudishwa tu nyumbani, basi. Sikudhani atachekwa mbele ya watu wake. Ninaona aibu, kaka, naona aibu sana.

Jumatatu nilimweleza Bwana Sattar. Nilijua atanifukuza. Yeye akaingia chini ya meza, akaburuta gunia la vipande vya kaki vilivyobaki tangu vita vianze, akaniambia nianze kuunga. Nimeunga. Mgongo peke yake una vipande kumi na moja, na mfuko mmoja umepauka kuliko mwenzake, lakini kimo ni cha Kingi. Nilimpima kwa kumdanganya kwamba nina mteja mrefu kama yeye. Sare hiyo imo katika kifurushi hiki.

Sina uso wa kukuamrisha. Hukujua lolote, na kazi uliipata kwa dhambi yangu, si kwa yako. Lakini wewe ndiye uliyesema watu hawaji. Ukiona inafaa, nendeni wote wawili kwa Bwana Shauri na barua hii mkononi. Mimi yatakayonipata nitayapokea. Bwana Sattar anahitaji mtu wa pasi, na pasi yetu ya makaa inataka mikono kama yako. Tutalala chumba kimoja kama zamani, nawe utanilalamikia ninavyokoroma.

Limebaki moja. Aliyeleta kifurushi hiki nimemwambia ndani mna nguo za mama. Ndiye huyu anayekusomea sasa. Kingi, ndugu yangu, najua hapa unataka kuruka mistari. Usiruke, kaka yangu amezoea kusomewa yote. Niliyekukosea ni mimi, Kahindi, niliyekuwa nikila nawe sahani moja kila Ijumaa. Unisamehe ukiweza. Ukimaliza kusoma, fungua kifurushi, uvae.

Na wewe kaka, mtazame akivaa.

Mnisalimie mama na shemeji, na mtoto mumbusu kwa ajili yangu. Nangoja jibu lenu, na likiandikwa kwa mwandiko wa Kingi nitafurahi zaidi.

Ni mimi mdogo wenu nyote wawili,
Kahindi