Mlingoti wa Mjomba, Minazi ya Bi Tatu

Jumapili, 10 Agosti

Kamba ya kusini ya mlingoti wa redio imelegea tena. Nimeikaza asubuhi, jioni ikalegea. Kamba zetu ni zile mama alizozitoa kwenye shamba lake la mwani zilipochakaa, zinavutika kama mpira. Mjomba Sudi anasema tutapata kamba ya maana. Anasema hivyo tangu Ramadhani. Goti lake halimruhusu kupanda wala kuchuchumaa, kwa hiyo anakaa barazani na kuniamuru. Kulia. Si kulia huko. Bomba la mlingoti limeota kutu kwenye maungio. Nimesugua kwa msasa mpaka vidole vinawaka.

Lakini alasiri nilizungumza na mtu wa Morisi. Mjomba alikuwa mtu wa redio melini, leseni ni yake, huniachia maikrofoni akiwa pembeni. Yule mtu aliniuliza hali ya hewa ya Mafia. Nikamjibu kwa Kiingereza, bila kukwama. Darasani sijanyosha mkono mwaka mzima. Redioni hakuna anayenitazama usoni.

Jumanne, 12 Agosti

Nimetoka shule nikakuta waya wa antena umekunjwa vizuri, umewekwa mlangoni kwa Mjomba. Kazi ya Bi Tatu.

Bi Tatu ni mke wa zamani wa Mjomba. Nyumba yake ni ile ya jirani. Ardhi yote ile ni ya Mjomba, lakini minazi iliyosimama juu yake alimpa Bi Tatu kuwa mahari. Ndoa ikaisha, mahari hairudi. Hapa Baleni hata mtoto anajua kwamba mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mjomba aliagiza waya ufungwe kwenye mnazi wa Bi Tatu bila kumwomba. Anasema alisahau. Mtu anasahau vipi mahari aliyotoa?

Mkwezi alikataa kupanda mnazi wenye waya, anaogopa umeme. Nazi zimekomaa, zinadondoka ovyo. Bi Tatu ana haki. Nimemkasirikia vilevile.

Nilimwambia Mjomba aende akamwombe. "Nimwombe Tatu? Heri nimwombe kunguru."

Jumatano, 13 Agosti

Upande mwingine wa mlingoti ni mihogo mitupu. Wa kufungia waya umebaki mnazi mmoja mrefu, wa wakfu, mali ya msikiti. Kamati imetukubalia. Binamu yangu Hamisi alirusha jiwe lenye uzi, mara nyingi, hadi likavuka kwenye makuti. Waya sasa unapita karibu mno na nyaya za spika za msikiti. Nilimwonyesha Mjomba kwenye kitabu cha redio: usifanye hivi. Akasema kitabu hakijawahi kupanda meli.

Ijumaa, 15 Agosti

Natamani ardhi inimeze.

Mjomba huswali nyumbani kwa sababu ya goti. Alasiri tulimaliza mapema, tukadhani na msikitini wamemaliza. Nikaita kwenye masafa. Nikaita tena, nikatamka herufi za leseni ya Mjomba polepole na wazi kama alivyonifundisha. Hamisi akaingia mbio bila viatu.

"Zima! Sauti yako inatoka msikitini!"

Walikuwa wamesujudu. Amplifaya haikuzimwa baada ya adhana, na kila nilichosema kilitoka kwenye spika kama bata anayekabwa. Hamisi anasema mzee mmoja alicheka ikabidi aanze swala upya.

Jumamosi, 16 Agosti

Maalim Khatibu, muadhini, alikuja asubuhi. Nilidhani atafoka. Aliongea kwa upole, na hilo likaniumiza zaidi. Kamati imeamua: tusirushe kitu redioni mpaka waya uondoke pale. Kama hadi Ijumaa hatujapata njia nyingine, mlingoti ushuke kabisa, maana umeanza kuinama na watoto wanacheza chini yake.

Mjomba akasema, "Basi ushuke." Hakubisha hata kidogo. Akaifunika redio kwa kanga. Atampa mwanawe aliyeko Dar. Hakuniuliza mimi nataka nini. Na mimi sikusema.

Jumatatu, 18 Agosti

Shuleni naitwa Bata. Nikiingia darasani, kwa-kwa-kwa. Mwalimu wa fizikia naye alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Ndiye niliyetaka kumuuliza kuhusu nyaya.

Nimechora michoro mitano ya antena nyingine. Yote inahitaji bomba refu zaidi, na bomba hili halibebi hata lenyewe. Nimeichana yote.

Namchukia Mjomba kwa ukaidi wake. Najichukia kwa ububu wangu.

Alhamisi, 21 Agosti

Nilikwenda kwa Bi Tatu. Nikafika uani, nikarudi. Nikaenda tena. Alikuwa anakuna nazi.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Mara ya kwanza ulisahau nini?"

Kumbe aliniona. Nikasema yote kwa mkupuo, nikiangalia mbuzi ya kukunia. Baba ana kapi la zamani la mashua. Tulifunge juu ya mnazi, waya upande na kushuka kwa kamba. Siku ya kuangua nazi nitaushusha mwenyewe kabla mkwezi hajafika, na redio nitaichomoa.

Akakuna nazi yote mpaka kifuu. "Mbona hakuja yeye?"

"Goti."

"Goti, au ulimi?"

"Wewe nimekusikia, mwanangu. Sasa aniombe yeye. Asije, aombe kutoka hapohapo barazani."

Nikampelekea Mjomba maneno hayo. Alikasirika, akanywa maji, akatazama redio chini ya kanga. Nikamwambia mimi naitaka. Sijui sauti ilitoka wapi. Kisha akageukia nyumba ya jirani.

"Tatu! Naomba mnazi."

Naye kutoka uani kwake: "Sikusikia vizuri. Rudia."

Akarudia. Mtaa mzima ulisikia. Hatukuhitaji umeme.

Ijumaa, 22 Agosti

Mkwezi amepanda na kapi, lakini kwanza alitaka ile kebo ya kuchomeka redio ukutani aifunge kiunoni mwake, ndipo aamini hatumchomi. Tumempa, akaturudishia aliposhuka. Waya uko kwa Bi Tatu. Maalim Khatibu alikaa kando ya amplifaya ikiwa imewashwa, mimi nikarusha. Spika haikutoa hata mkwaruzo. Mlingoti unabaki, ila Maalim anataka kamba zote zibadilishwe. Hamisi ameahidi kamba. Tutaona.

Jumapili, 31 Agosti

Siku ya kuangua. Nimeshusha waya. Mkwezi yuko juu, kebo yetu kiunoni.

Hakuna kurusha leo. Nimekaa na Bi Tatu tukitenga nazi pevu na koroma. Akaniuliza watu wa mbali huko husema nini. Nikamweleza: jina, mahali, mvua, upepo, nakusikia vizuri au nakusikia kwa mbali. Akataka kujua kama wanaulizana habari za wagonjwa. Nikasema wengine. Nikaendelea kueleza mpaka mkwezi aliposhuka.

Mjomba alikuwa barazani kwake, akikohoa bila kikohozi. Bi Tatu akachagua dafu, akalichonga, akanipa.

"Mpelekee yule. Usimwambie kitu."

Nimempelekea. Sikumwambia kitu.