Maji ya Mafundi

Gerezani, Newala
3 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi ni juu yenu. Goti limepoa? Shamila hajambo?

Uashi umeniingia, mama. Juzi mwalimu alipima ukuta wangu kwa timazi, akanyamaza. Kwake hiyo ndiyo sifa! Mwezi ujao tunaletwa hapo Makote kujenga vyoo vya zahanati. Nitakuona.

Mwanao,
Hamudi


Makote
14 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Goti linakwenda hivyo hivyo, Shamila anakusalimu.

Habari yako imeninyima usingizi. Tangu ufungwe kwa zile korosho ulizoiba Masasi, hapa nasema uko Msumbiji, unafanya biashara. Hata watu waliomposa mdogo wako Shamila wanajua hivyo. Uliondoka hapa mtoto, ukalelewa na mjomba wako, sura yako wameisahau, lakini jina bado wanalijua. Nakuomba, siku hiyo sema unaumwa.

Mama yako


Gerezani, Newala
22 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo.

Sikusema naumwa. Nilitaka uuone ukuta. Ninyi akina mama mlipotuletea maji ya kuchanganyia saruji nilivua kofia nikakuamkia, ukamimina ndoo yako kwenye pipa, ukaondoka. Salamu huitikiwa, mama, hata ya mwizi.

Hamudi


Makote
5 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba, na ile ya siku ile pia marahaba. Sisi wazima wa mwili tu.

Mama Julia, tuliyebeba naye maji, aliniuliza, "Yule mfungwa mbona kakuamkia wewe tu?" Nikamjibu, "Anatafuta sigara huyo." Nilikusema hivyo, mwanangu wa kuzaa!

Jana nimewaambia wakwe ukweli. Wameaga bila kumaliza chai, na posa sijui kama ipo. Shamila anasema wakienda na waende. Jumamosi tarehe 17 nakuja kukuona.

Mama yako


Gerezani, Newala
12 Agosti 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mpe pole Shamila, nimemharibia.

Kuna jambo naona haya kuliandika. Siku ile, garini tukirudi, mwenzangu Gasper aliniuliza kama yule mama ananijua. Nikasema hanijui, mama yangu amekufa majuzi. Habari ikaenea. Mwalimu akanipumzisha nusu siku. Waislamu wenzangu wakakusomea Fatiha, nami nikaitikia amina, mama, wewe ukiwa hai.

Nilianza kuandika kwamba usije, nikachana. Njoo. Bado sijawaambia. Nitawaambia nikiwa nimekushika mkono.

Mwanao,
Hamudi