Siku Nilipomdanganya Rebeka

Juba, Alhamisi jioni.

Mvua imenyesha tangu saa nane mchana na kuacha matope mekundu mpaka mlangoni. Umeme hakuna. Ninaandika kwa mwanga wa dirisha, na simu imebaki na chaji kidogo. Moyo wangu ni mzito. Nataka niyaandike haya leo leo, maana nikiyalalia, kesho nitaamka nimeshaanza kujitetea.

Leo ilikuwa siku ya tatu ya mafunzo. Tuko washauri nasaha kumi na wawili katika ukumbi wa kanisa huku Buluk, tukijifunza tiba ya mwendo wa macho kwa watu walioumizwa na vita. Mwalimu wetu, Ustaza Nekesa, ametoka Kenya. Anafundisha kwa Kiswahili kwa sababu wengi wetu tulikulia ukimbizini, mimi Uganda kisha Nairobi, wengine Kakuma. Kiswahili chetu si kimoja. Wa Kampala wanasema "mimi iko tayari", wa Kakuma wanatia Sheng, na tukikwama kabisa tunaangukia Kiarabu cha Juba.

Kazi yenyewe, ukiiona kwa mara ya kwanza, utadhani ni mchezo. Viti viwili vinasogezwa karibu. Mteja anashika akilini kumbukumbu inayomsumbua na kuipa namba, sifuri mpaka kumi, kadiri inavyomuuma. Kisha anafuata kwa macho vidole viwili vya mshauri vinavyokwenda kushoto na kulia. Vidole vikisimama, mshauri anamwambia avute pumzi, anamuuliza nini kinakuja sasa, na wanaendelea hivyo mpaka namba ishuke. Ustaza alituambia mapema kwamba kumbukumbu haifutiki. Inaacha tu kukukaba.

Tunajifunza kwa kufanyiana. Sheria ni kuchagua jambo dogo, la namba tatu au nne. Mambo ya Desemba, vita vilipoanza hapa Juba, tuliombwa tuyaache nje kwanza.

Mimi nimepangwa na Rebeka.

Ana kama miaka ishirini na saba. Anaishi kambini, kule watu wa kabila lake walikokimbilia vita vilipoanza, na gari humleta asubuhi na kumrudisha jioni. Mjini hatembei. Saa ya chakula sisi tunakwenda mtaa wa Hai Jalaba kula ful, maharage ya kupondwa, na chapati za mama mmoja Mganda, yeye anabaki ukumbini na madaftari yake. Mimi si wa kabila lake, wala si wa kabila la waliomfukuza. Kwa miezi yote hii nimejifariji kwa hilo.

Asubuhi ilikuwa zamu yangu kuwa mteja. Nilichagua siku ya kwanza niliyokwenda sokoni mwaka ule wa uhuru, tuliporudi nyumbani. Niliomba vitunguu kwa Kiarabu changu kibovu, wanawake wakacheka, na mmoja akaniuliza nimetoka nchi gani. Nililia njiani nikirudi. Namba nne, nilimwambia Rebeka, naye akainua vidole.

Mwanzoni nilimwona yule mama wa vitunguu. Kisha nikasikia kicheko tu, bila uso. Kisha ikabaki aibu peke yake, haina soko wala vitunguu.

Halafu nikaona geti langu.

Ilikuwa Jumatatu, asubuhi baada ya usiku ule wa kwanza wa risasi. Mume wangu alikuwa Yei kikazi. Mimi na binti yangu Poni tulikuwa tumelala chini, nyumbani kwetu Hai Cinema, tukisikia magari na milio. Geti la mabati likagongwa. Nilijua ni nani kabla hajasema, kwa sababu Mama Tabitha, jirani wa mlango wa tatu, alizoea kugonga kwa pete yake. Alikuwa wa kabila la Rebeka, lililokuwa likitafutwa mtaani asubuhi ile. Mwaka mzima tulikuwa tumeazimana jiko na sukari. Aligonga, akaniita jina langu kwa sauti ndogo. Nilimziba Poni mdomo kwa mkono.

Sikufungua.

Mpaka leo sijui yuko wapi. Nyumba yake iliporwa, na sasa humo inakaa familia nyingine. Sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Vidole vya Rebeka vikasimama. Akaniuliza nini kinakuja sasa. Nikamtazama usoni na kusema hakuna kitu, kumbukumbu ya soko imekuwa mbali, namba imeshuka. Imefika moja.

Akatabasamu. Kwa siku tatu sikuwa nimeyaona meno yake. Ustaza alikuwa akipita, akamsifu kwa mkono wake mtulivu na kumtaka awaeleze wenzake alivyofanya. Rebeka akasimama na kueleza. Akasema kambini kwao kuna mama ambaye tangu Desemba analala akiwa ameketi, na Jumamosi, Ustaza akimruhusu, angependa kuanza na yeye.

Mchana sikwenda Hai Jalaba. Nilikaa nje chini ya paa la bati nikihesabu sababu za kunyamaza. Zilikuwa nyingi na zote nzuri.

Baada ya chakula tulibadilishana viti. Rebeka aliketi, akatulia, akaniambia ana jambo la namba tatu. Nikainua vidole vyangu, nikashindwa kuvipeleka. Akavitazama, akanitazama mimi. Nikavishusha, nikamwambia. Nilimweleza habari ya geti, ya Mama Tabitha, na ile namba moja niliyoibuni.

Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati, ikabidi ainame ili nimsikie.

"Aligonga mara ngapi?"

Nilimwambia mara tatu. Baada ya hapo aliniita, kisha akanyamaza.

"Asubuhi uliniambia moja," alisema. "Mimi nikaamini. Jumamosi ningekwenda kwa yule mama nikijua naweza kusoma uso wa mtu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya kabila lake. Kwa maneno hayo sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimemharibia kitu pekee alichokuja kukitafuta mjini, mahali ambapo hawezi hata kutoka nje akanunue chapati.

Nilinyoosha mkono, Ustaza akaja, nikarudia yote mbele yake. Hakunikemea. Alisema hili si la mazoezi, yeye mwenyewe atakaa nami faragha, na kwamba anaweza kumpa Rebeka mwenzake mwingine. Akamgeukia Rebeka kumuuliza anaonaje.

Rebeka akasimama, akaniachia kile kiti cha mteja.

"Akae," alisema. "Tumalize."

Ustaza alitutazama wote wawili, akauliza mara mbili kama kila mmoja anataka kweli. Kisha akatupeleka kwenye chumba kidogo cha nyuma na kusimama karibu nasi, tayari kuchukua nafasi.

Namba ilikuwa tisa. Tuliendelea raundi baada ya raundi. Yalinijia meno ya Poni kwenye kiganja changu, kisha harufu ya zulia. Nikasikia ndala za Mama Tabitha zikiondoka kuelekea barabara kubwa, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua. Na baada ya hapo likaja lile nililokuwa nikilikwepa zaidi ya yote. Vidole vilisimama, Rebeka akauliza, na safari hii nilisema.

"Nilimshukuru Mungu kwamba ameondoka."

Mkono wake ulibaki hewani. Nilidhani atatoka. Nisingemlaumu.

"Vuta pumzi," alisema. "Twende na hilo."

Akaanza tena, kushoto na kulia, mkono mtulivu kama asubuhi.

Muda ulikwisha nikiwa kwenye saba. Ustaza alisema saba ya kweli inatosha kwa leo, akatufundisha namna ya kufunga kikao bila kumwacha mtu wazi. Rebeka aliandika kila neno.

Kabla gari halijamchukua aliniomba jina kamili la Mama Tabitha. Akaliandika nyuma ya karatasi ya mafunzo. Atauliza kambini. Ila akaniambia waziwazi kwamba akimpata, Mama Tabitha mwenyewe ndiye atakayesema kama anataka kuniona au hataki, na kama hataki, Rebeka hataniambia hata safu ya hema lake. Nikakubali. Hakunipa mkono, wala hakusema amenisamehe. Si yeye niliyemfungia geti.

Sasa niko hapa, nikijiuliza. Ninataka apatikane kwa ajili yake, au kwa ajili ya namba yangu? Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara mbili. Jibu la kweli ni kwamba bado sijui.

Nimemwambia Poni nitaongea na baba yake habari ya geti akirudi Jumapili.

Kesho saa tatu Rebeka anakaa kwenye kiti cha mteja, na mimi ndiye nitakayeinua vidole. Ustaza alimpa nafasi ya kuchagua mtu mwingine, naye akasema hapana, bila kueleza. Naomba mkono wangu utulie.