Kilo Tano

Kambini, 14 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na kwamba mgongo umekupa nafuu. Mimi sijambo, ila mbavu zinauma, maana huyu jamaa ninayepangiwa kucheza naye kila siku, tunamwita Nyundo, hajaambiwa kuwa haya ni mazoezi.

Usicheke ukiona barua kana kwamba tunaishi enzi za babu. Siku ya kwanza tu Mwalimu alikusanya simu zetu akazifungia kabatini mpaka kambi iishe. Anasema usingizi ni sehemu ya ndondi, na simu ndiyo mwizi wake. Kila mmoja wetu kapewa daftari. Asubuhi unaandika umelala kwa muda wa saa ngapi, jana umekunywa maji kiasi gani (anataka lita tatu), uzito wako, na jambo moja ulilofanya vizuri kuliko juzi. Mimi niliandika manne, akayafuta matatu. Akaniambia, "Kijana, ukikimbilia manne utapata robo ya kila moja."

Nampenda huyu mzee. Hapigi kelele. Ukichoka anakukalisha, na ukibisha anakukalisha zaidi.

Tarehe kumi Aprili watapima uzito na kuchagua timu, mtu mmoja kwa kila uzito. Tangu mama atutoke ni wewe uliyenilea, na safari hii nataka nikurudishie kitu cha kujivunia. Wasalimie wote pale kiwandani.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 29 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba, kitinda mimba wa watu. Nimefurahi hadi nimesahau mgongo. Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo imetukalia kooni, makoti ya mvua elfu mbili kabla ya mwezi kwisha.

Mwalimu wako nimemkubali, ila hayo mambo ya maji lita tatu asituletee huku. Msimamizi anatuhesabia safari za chooni. Mimi sinywi kitu tangu alfajiri mpaka saa nane mchana, ndiyo maana meza yangu inaongoza kwenye ubao wa hesabu ya makoti mwaka wa nne sasa. Unajua wanavyotupima: mkono wa koti unajazwa maji, unaning'inizwa, na likipenya tone moja koti linarudi kwako wenzako wote wakiangalia. Langu halijarudi hata moja. Ukiona nazembea kwenye mshono, jua nimekufa.

Basi na wewe jikaze hivyo hivyo. Sikukulea uwe wa pili. Nimekwisha kuwatangazia wote kuwa mdogo wangu anaingia timu, na yule mama wa vifungo ameshachagua nguo ya kuvaa siku ya kukupokea. Usije ukaniaibisha, nitahama mji.

Dada yako

*

Kambini, 27 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Habari za huko? Mimi namshukuru Mungu, afya iko sawa. Moyo ndio hauko sawa.

Mimi ni kilo sitini na tano. Nyundo naye ni sitini na tano, na Nyundo simuwezi. Nimepoteza kwake mara sita, na mara ya sita ndiyo nilijitahidi kuliko zote. Mwalimu ananiambia nisijipime kwa Nyundo, nijipime kwa mimi wa mwezi uliopita, na kwamba nikitulia mwaka ujao nitakuwa namfikia. Mwaka ujao! Watu wameshachagua nguo, dada.

Uzito wa sitini una vijana wawili tu, na wote nawamudu. Ni kilo tano, wiki sita. Mabondia wa zamani walikuwa wanajikausha: unavaa nguo isiyopitisha hewa, unakimbia, jasho linatoka, kilo zinatoka nalo. Naomba unishonee suti ya kitambaa chenu cha mvua, mikono mirefu, ibane shingoni, viganjani na vifundoni. Kifua sentimita tisini na nne, kiuno sabini na sita, urefu unaujua. Mwalimu amekubali.

Nisaidie katika hili, sitakuomba jingine.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 9 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Sisi tu wazima. Suti hiyo nimeifunga pamoja na barua.

Nimeishona siku tatu wakati wa mapumziko ya mchana, wenzangu wakinizingira kama wanaangalia harusi. Mishono yote nimeibandika utepe wa kuzuia maji kwa pasi, mara mbili. Halafu nikaifunga mikono na miguu, nikaijaza maji ndoo mbili, nikaining'iniza pale tunapopimia makoti. Haikutoa hata unyevu. Msimamizi mwenyewe akapita, akaigusa, akasema kama ingekuwa ya kuuza angeipeleka kwa wakubwa. Nilijisikia vizuri sana, mdogo wangu, siwezi kukuficha.

Kuna kitu kimoja tu. Mwalimu anayekufutia mambo matatu kwenye daftari, ndiye huyo huyo aliyekubali upunguze kilo tano kwa wiki sita? Haya, kama amekubali amekubali, yeye ndiye mtaalamu na mimi ni mshona makoti. Ivae, ufanye kweli.

Dada yako

*

Kambini, 30 Machi

Dada,

Shikamoo. Mzima? Mimi nimebaki kilo sitini na moja nukta nane! Suti yako ni kiboko. Nikiivua, maji yanamwagika kutoka miguuni kama mtu aliyetoka kisimani.

Navaa fulana na suruali za kawaida juu yake, nakimbia kuzunguka ghala la nyuma wakati wenzangu wamelala mchana. Sasa nina madaftari mawili. La Mwalimu linasema nimelala kwa muda wa saa nane na nimekunywa lita tatu. La kwangu linasema ukweli: jana nimekunywa vikombe viwili, usingizi saa nne, kwa sababu misuli ya miguu inakamata nikijinyoosha. Mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi, sijawahi kuona kitu kama hicho. Na nikisimama haraka ukuta unanijia. Jamaa wa kitanda cha jirani anasema ndiyo mwili unaacha uvivu.

Usiogope. Siku kumi na moja tu.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 6 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Barua yako nimeipata leo asubuhi. Hii naikabidhi kwa kondakta wa basi ili ikufikie kesho.

Hilo la mkojo silipendi. Kunywa japo kikombe kimoja zaidi. Zimebaki siku nne, mdogo wangu, piga moyo konde umalize. Ukishapimwa utakunywa na kula mpaka uchoke. Wenzangu niliwasomea mpaka pale pa sitini na moja nukta nane, wakapiga makofi.

Tuko nyuma yako.

Dada yako

*

Hospitali, wodi ya pili, 3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi niko kama ulivyoniacha, ila sasa naweza kushika kalamu.

Sijui walikueleza kiasi gani. Nilipanda mizani tarehe kumi saa mbili asubuhi, ikasoma hamsini na tisa nukta tisa. Nilifika, dada. Nakumbuka mtu wa mizani akiandika jina langu kwenye karatasi, nakumbuka nikishuka, halafu sikumbuki tena mpaka hapa. Nasikia nafasi yangu alipewa mmoja wa wale vijana wawili wa sitini siku hiyo hiyo.

Figo hazijaamka. Daktari alisema tuzipe wiki nane, na wiki nane zinakwisha keshokutwa. Mara tatu kwa wiki nafungwa kwenye mashine, damu inatoka upande huu, inasafishwa, inarudi upande ule, saa nne nzima. Maji napimiwa: vikombe vitatu kwa siku, basi. Zamani nilijinyima mwenyewe, sasa nanyimwa.

Mwalimu huja kila Jumapili. Mara ya kwanza alikuja na daftari langu lile la uongo, akanisomea ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa sauti ya kawaida. Saa nane. Lita tatu. Saa nane. Lita tatu. Alipofika mwisho akaniuliza, "Hapa nilikosea wapi mimi?" Wamemsimamisha kazi.

Wewe ulikaa siku mbili umenishika mguu, ukaondoka, na wiki saba sijakuona. Nadhani najua kwa nini. Unajilaumu kwa ajili ya suti. Dada, nilikudanganya. Mwalimu hakukubali kamwe. Sikumwuliza hata mara moja, nilijua jibu lake. Kosa ni langu mimi. Njoo basi, nimechoka kuangalia dari.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 15 Juni

Mdogo wangu,

Sijui nianzeje kukusalimu, kwa hiyo nakuuliza tu: umeamkaje leo?

Uongo wako haukunidanganya. Nilipouliza kwenye barua ile kama kweli Mwalimu amekubali, nilishajua kuwa hajakubali. Niliuliza ili iandikwe kuwa niliuliza. Kisha nikafunga kifurushi.

Na siyo suti peke yake. Namba ya Mwalimu ninayo, alinipa siku nilipokuleta kambini. Tarehe sita, baada ya kusoma habari ya mkojo wako, niliacha meza yangu bila ruhusa nikampigia. Akapokea. Akasema, "Ndiyo, nani mwenzangu?" Nikawaza kuwa nikimwambia atakutoa kwenye orodha leo hii, zimebaki siku nne, na watu wote hawa nitawaambia nini. Nikasema samahani, nimekosea namba. Nikarudi kukaa, nikakuandikia ile barua ya kukutia moyo.

Kimya changu pia nikueleze. Nilikuwa nikienda kupimwa katika hospitali ya huku ili nikupe figo yangu moja. Sikutaka kukwambia mpaka iwe tayari. Wiki iliyopita daktari aliniita akaniambia haiwezekani. Presha yangu iko juu, na figo zangu zenyewe zinavuja protini, zimeshaanza kuchoka. Akaniuliza kwa siku nakunywa maji kiasi gani. Nilimweleza habari ya chooni na ubao, akaacha kuandika akanitazama. Nilijifanya hodari pale kiwandani miaka kumi na moja, nikakufundisha na wewe, na sasa ulipohitaji kitu kimoja kutoka kwangu sina.

Nataka kuja Alhamisi. Kama hutaki kuniona mwambie muuguzi anizuie mlangoni, nitaelewa.

Dada yako

*

Hospitali, wodi ya pili, 22 Juni

Dada,

Shikamoo. Alhamisi nilimwambia muuguzi akuzuie. Najua ulikaa kwenye benchi la nje mpaka saa kumi, alinieleza. Nilikuwa na hasira, nisikufiche. Nililala nikifikiri kuwa neno moja tu lilitosha na ulikuwa nalo mdomoni.

Lakini umeniambia yako yote, na mimi yangu sijamaliza.

Tarehe sita mchana Mwalimu alikuwa amekaa mbele yangu akinifunga bandeji za mikono. Simu yake ikalia mezani, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi akanipa ishara niibonyeze, nikaiweka spika. Nikasikia vyerehani. Nikasikia sauti yako ikisema umekosea namba. Sauti hiyo imenilea, ningeijua hata usingizini. Na nilijua umepiga kwa nini.

Mwalimu akacheka, akasema, "Huyu mama ana haraka." Goti langu lilikuwa linagusa goti lake. Mdomo wangu ulikuwa mkavu mpaka ulimi unanata. Ningeweza kumwambia, huyo ni dada yangu, mpigie. Nilimwambia, "Kaza kidogo, Mwalimu, imelegea." Na moyoni nilikuwa nakushukuru, dada, kwa kuwa ulikata.

Wiki nane zimekwisha. Daktari alikaa kitandani jana akaniambia figo haziamki tena. Nilimwuliza mashine ni ya mpaka lini, akasema tusihesabu hivyo.

Njoo Alhamisi hii. Nitakuwa kwenye mashine kuanzia saa tatu, kiti cha mgeni kinakaa upande wa kushoto. Muuguzi nimeshamwambia akuruhusu. Na kabla hujatoka nyumbani, tafadhali, kunywa maji.

Mdogo wako